Madirisha ya Chumba cha Cherehani

Ndani ya basi, mnong'ono ndio uliotangulia kusikika: “Meneja, tunaomba... meneja, tunaomba...” Alikuwa mshonaji wa kiwandani, aliyetumwa na wenzake akaombe madirisha yafunguliwe, maana joto lilikuwa linawamaliza.

“Mwanangu, mbona unaongea na kioo cha dirisha?” akauliza mama aliyeketi naye. “Haya, mimi ndiye meneja. Unataka nini?” Akakunja uso kweli kweli.

Mshonaji akababaika: “Samahani, nimekosea mlango.”

Basi zima likaangua kicheko, naye akacheka mpaka mapigo ya moyo yakatulia.

“Toka, ingia tena!” mama akaamuru.

“Meneja, tufungulie madirisha. Tunaungua!”

“Na nikikataa?”

Basi likasimama mbele ya kiwanda. Mshonaji akashuka, akageuka, akapaza sauti: “Mama, nakuahidi, leo sitoki ofisini kwake mpaka akubali!”