Mwalimu Praxeda na Watu Wasio na Kiwiliwili

Baba Paroko, wazee wetu wa Chumbageni, walimu, majirani na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kutufariji, historia hii marehemu aliitunga mwenyewe akiwa kitandani, bintiye Imakulata, anayeisoma sasa, akaiandika na kuimalizia, na sababu ya kuitunga ilikuwa moja tu. Wazee wa ukoo walikuwa wamekwisha kukubaliana kwamba siku ya mazishi, mwanawe wa kwanza, Methusela, apelekwe kwa ndugu Muheza mpaka matanga yaanuliwe, kwa kuwa eti haelewi kifo na atawasumbua watu, naye mama hakuwa na nguvu tena za kubishana, ila aliogopa sana kuzikwa mwanawe akiwa hayupo.

Praxeda Tadeo Mapunda alizaliwa tarehe 11 Februari 1956 katika kambi ya wakata mkonge wilayani Muheza, mtoto wa nne wa mzee Tadeo, aliyetoka Songea kwa mkataba wa miaka miwili na asirudi tena. Penseli hazikuwapo kambini, akachorea mwiba wa mkonge vumbini, na alizoea kusema kwamba kumbukumbu yake ya kwanza duniani ni mstari mrefu aliouchora akirudi kinyumenyume, safu baada ya safu, mpaka akapotea, wakamkuta jioni amelala kwenye ncha ya mstari wake, hana habari na mtu.

Alisoma shule ya msingi hukohuko kuanzia 1964 hadi 1970, na mwaka 1976 akachukuliwa kusomea ualimu wa UPE, ule wa kufundishwa huku unafundisha, kisha mwaka 1979 akapangiwa watoto wadogo hapa Chumbageni, darasa ambalo walimu wenzake walilikwepa kama ukoma, akakaa nalo mpaka alipostaafu tarehe 11 Februari 2016.

Hakuna aliyemfundisha kusoma michoro ya watoto, alijifunza kwa kuitazama, kila siku, kwa miaka, mpaka akaona kwamba wote wanapita njia moja. Wa miaka miwili anakwaruza, furaha yake ni mkono unaokwenda, wa mitatu anafunga duara, halafu siku moja duara linaota miguu miwili, na huyo ndiye mtu, hana tumbo, hana kiwiliwili, anatembea kwa kichwa chake na anacheka, kisha kiwiliwili kinakuja, ardhi inatulia chini ya karatasi, mbingu inapigwa mstari juu, na nyumba zinajengwa zenye kuta zinazoonyesha waliomo ndani. Alisema wanachora wanachokijua, si wanachokiona, na mzazi aliyekuja kulalamika kwamba mwanawe kamchora bila mikono alijibiwa kwamba mikono itakuja, kwani yeye alizaliwa na ndevu?

Tarehe 26 Septemba 1981 alifunga ndoa na Wilfred, fundi wa reli, aliyetangulia mbele ya haki mwaka 2009, wakajaliwa watoto wawili, Methusela, tarehe 3 Juni 1982, na Imakulata, tarehe 8 Desemba 1985.

Hapa marehemu aliagiza lisifichwe neno. Methusela alipofika miaka sita alikuwa bado anakwaruza, na kila siku ya wazazi, michoro ilipoanikwa kwenye kamba darasani, mama yake alimkalisha mapajani, akaushika mkono wake ndani ya wake, wakachora pamoja, maduara safi, watu wenye vidole, watu wakasifu kwamba mtoto wa mwalimu kazaliwa na elimu yake, naye akafurahi. Mganga hajigangi. Miaka miwili ilipita hivyo, mpaka alipolazwa kwa malaria na Mwalimu Nasma, kijana wa Pangani, akampa Methusela karatasi peke yake, kisha akamletea mama karatasi ile, mikwaruzo mitupu, hospitalini, akamwamkia, akamweleza kwa adabu, akiangalia sakafu, kwamba pengine wamwachie mtoto mkono wake. Praxeda alimfukuza. Aliporudi nyumbani akaitandaza michoro yote mkekani, akaona mistari ni yake mwenyewe, mwanawe hayumo hata katika mmoja, akalia mpaka jirani yake, Bi Mwanamkasi, akaja kuuliza nani kafa.

Kesho yake alimwomba Nasma radhi, akaketi kusubiri. Ilikuwa tarehe 19 Agosti 1991, Methusela ana miaka tisa, duara lilipoota miguu, na mama akapika pilau, mtaa mzima ukadhani kuna posa.

Watu wa Methusela hawakuota kiwiliwili kamwe. Ana miaka arobaini na mitatu kasoro siku chache, anafagia uwanja wa Bi Mwanamkasi, anabeba maji, anachora, na watu wake bado wanatembea kwa vichwa, wote wamesimama, wote wanacheka, na mama yake aliwapenda kuliko picha zote duniani.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2022, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa juma, na mwisho, usingizi ulipomchukua mchana, alisikika akiwakaribisha watu wasio na kiwiliwili, akiwaambia wapite, viti vipo. Tarehe 6 Mei mwaka huu wa 2025, Methusela aliingia chumbani bila kuitwa, akaweka karatasi juu ya shuka. Palikuwa na watu wanne wamesimama, na wa tano amelazwa chini yao, macho yamefungwa, mdomo ni mstari ulionyooka, na waliosimama, kwa mara ya kwanza tangu 1991, hawacheki. Hakuna aliyemwelekeza. Mama aliitazama mpaka kiza cha Magharibi kikaingia, akasema basi, anajua, kisha akaagiza wazee wa ukoo waitwe, wakaja, wakaipokezana karatasi ile, na hakuna aliyeitaja Muheza tena.

Alifariki Jumatano, tarehe 14 Mei 2025, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sitini na tisa, ameacha watoto wawili na wajukuu watatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompokea kila juma bila kuchoka, Mwalimu Nasma na walimu wote, majirani wa dini zote, na Bi Mwanamkasi, ambaye jiko lake halijazimika tangu Jumatano.

Methusela yupo hapa, ameketi mbele, mwenye shati la bluu, na ndiye atakayeweka udongo wa kwanza kabla ya wazee, kwa ruhusa yao. Atachukua muda wake. Tunawaomba mumsubiri.

Mama, mwanao yupo. Lala sasa, upumzike kwa amani.