Maganda ya Vitunguu na Vidole vya Mama

Mheshimiwa Mkurugenzi, wakuu wa idara, wageni waalikwa, wafanyakazi wenzangu, na wewe mama yetu uliyegoma kukaa kiti cha mbele:

Nimepewa dakika tatu nimsifu mstaafu wetu. Ameosha vyombo vya maabara hii miaka ishirini na sita; dakika tatu zitanitosha kweli?

Mnajua tunachotafuta hapa: antioksidanti, yaani viambata vya mimea vinavyokinga seli zisichakazwe, na kama kweli vinaweza kutuliza ule uvimbe wa ndani unaoambatana na magonjwa sugu. Basi miaka miwili mizima tulipima vitunguu vyekundu, tukapata matokeo hafifu, tukalaumu mashine, mkulima, hata umeme. Siku moja mama huyu akasimama mlangoni na ndoo ya taka, akaniuliza, "Mwanangu, hapa mnapima au mnapika?"

Nikamwambia sijamwelewa.

"Mbona mnamenya? Ganda ndilo linalokaa nje likipambana na kila kitu, nanyi mnanipa mimi nikatupe."

Waheshimiwa, niliona aibu. Watu sita wenye shahada, tulimenya kwa sababu nyumbani tunamenya. Tulipoyasaga maganda, vipimo vilipanda mara kadhaa, naye akabaki na jina la Mama Maganda.

Nilipompelekea habari kwamba kwenye seli tunazokuza ndani ya kichupa dalili za uvimbe zimepungua, hakushangilia. Alivua glavu, akanionyesha vidole vilivyopindwa na baridi yabisi. "Kwenye kichupa nimesikia. Kwenye hivi je?"

Swali hilo linaniuma hadi leo, maana vidole hivyo vimeosha vichupa vyangu huku vikiuma.

Jumatatu tunaanza kujaribu kwa watu. Mfanyakazi haruhusiwi kushiriki, mstaafu anaruhusiwa. Amejiandikisha wa kwanza, na dawa za daktari wake hataziacha. Kompyuta itachagua nani apate kidonge cha maganda na nani apate kitupu, kisicho na maganda ndani, wala mimi sitajua. Jana nikamuuliza: je, mama, ukiangukia kitupu?

Akacheka. "Si mtanilinganisha na wenzangu? Basi mtajua. Bila sisi wa kitupu, nani mwingine atawaambia?"

Mama, jibu litakalotoka, zuri au baya, nitakuletea nyumbani mwenyewe, bila kulipunguza.

Nawashukuru nyote kwa kunitegea sikio. Na wewe mama, Jumatatu usipite kule nyuma kwenye ndoo. Ingia kwa mlango wa mbele, tunakusubiri.