Benchi la Kasimiri, au Miaka Ishirini na Mitano ya Kutulizwa Bila Kibali

Leo, tarehe 30 Juni 1977, Ndugu Kasimiri Nampota, seremala wa Kiwanda cha Magunia cha Kizinga, hapa Temeke, anastaafu baada ya utumishi wa miaka ishirini na mitano. Uongozi, katika busara yake, umemzawadia saa ya mezani yenye kengele ya kuamshia. Mtu aliyewapa usingizi wenzake miaka yote hii anapewa chombo cha kuufukuza. Vilihitajika vikao viwili kufikia uamuzi huo, kwa hiyo tusiseme haukufikiriwa.

Yeye mwenyewe aliulizwa anataka nini. Akajibu hataki kitu, ila benchi lake lisikatwe. Ombi lilipokelewa kwa heshima zote likatiwa kwenye faili. Ikaonekana faili halina pa kukaa, maana rafu za masjala zimejaa. Basi ikaamuliwa kwamba Jumatatu ijayo benchi la Kasimiri likatwe, mbao zake zitengenezwe rafu.

Alitoka Newala mwaka 1952 na patasi tatu, randa moja, na marimba ndogo ya mkononi aliyoiunda kwa njiti za mwavuli mbovu. Mabwana wa kampuni ya wakati ule walimwandika kazi kwa ajili ya patasi, marimba wakaivumilia. Uhuru ulipopatikana alikuwa anaranda. Kiwanda kilipotaifishwa alikuwa anaranda. Sie wa ofisini tulikuwa na shughuli nzito zaidi, ile ya kubadilisha vibao vya milangoni, na vibao vyenyewe aliviranda yeye.

Kwa faida ya mgeni wetu rasmi, ambaye chumba cha mitambo amekiona leo akiwa mlangoni, nieleze kidogo. Mfumaji anasimama humo kwa muda wa saa nane. Akitoka, mtambo hautoki naye mlangoni, unatoka naye kichwani. Mwaka 1969 Bi. Mwanaheri Shomvi, mfumaji wa safu ya tatu, alifika mahali mikono inamtetemeka hata kikombe cha chai hakishiki, na nyumbani kwake Mtoni usingizi umemkataa kabisa. Siku moja alikwenda karakana kungoja kifaa chake kitengenezwe. Kasimiri akamkalisha juu ya kasha tupu la mninga, naye, kwa kuwa hana mazoea ya kukaa kimya, akaegemeza marimba yake kwenye kasha hilo na kuanza kupiga taratibu. Bi. Mwanaheri anasimulia kwamba sauti ilimpanda mgongoni kama mtu anayemkanda. Alizinduliwa na king'ora cha kutoka kazini.

Mwingine angemcheka. Kasimiri alichukua penseli. Mwezi mmoja baadaye lilikuwapo benchi refu la mninga, tupu ndani kama ngoma, na chini yake safu ya njiti za mwavuli zilizopondwa na kunyooshwa. Mtu analala juu, mpigaji anakaa kigodani ubavuni na kuzipiga kwa vidole, polepole, mlio mmoja uishe ndipo uje mwingine. Husikii sana kwa masikio. Unasikia kwa mbavu. Na tafadhali, hakuwahi kuliita dawa. Aliyekuja na homa alifukuzwa pale pale aende kwa nesi Kokuberwa mwenye sindano zake. Hili, alikuwa akisema, ni la kumpumzisha mtu aliyechoka, basi.

Jambo jema haliwezi kuachwa hivi hivi bila kamati. Mwaka 1972 ikaundwa Kamati ya Ustawi, watu saba, ambao watatu kati yao walikuwa wakilala vikaoni bila kuhitaji benchi lolote. Wakagundua kosa kubwa la kiitikadi: benchi linamtuliza mtu mmoja kwa wakati mmoja, na huo ni ubinafsi. Utulivu uwe wa wote, kwa usawa, kwa pamoja, ndani ya saa za kazi. Kasimiri aliwaambia kwa adabu kwamba kitu chenyewe kiko kwenye ubao unaogusa mgongo. Wakamshukuru kwa mchango wake. Kisha wakafunga kipaza sauti mbele ya benchi na mabomba manne ya kutolea sauti ndani ya chumba cha mitambo, watu mia mbili watulizwe mara moja.

Loo! Mitambo ilimeza sauti yote. Mwenyekiti akaamuru iongezwe. Ikaongezwa mpaka mabomba yakapiga ukelele, na wafumaji, ambao wamefundishwa vizuri kabisa, wakadhani ni ishara ya moto. Mia mbili wakatimka. Msimamizi wa zamu, Ndugu Nikodemu, alipatikana ng'ambo ya barabara, yuko salama, kiatu kimoja. Taarifa ya Kamati, ninayo nakala yake, ilieleza kwamba zoezi la kutuliza wafanyakazi lilishindikana kwa sababu wafanyakazi hawakutulia. Debe tupu haliachi kuvuma, jamani.

Aliyeadhibiwa, bila shaka, ni seremala. Akaandikiwa barua ya kupiga marufuku benchi. Akaisoma, akaikunja, na siku ya pili benchi likawa limehamia barazani kwa zahanati, likaitwa benchi la kungojea. Barua haikukataza watu kungoja. Ajabu ni jinsi watu walivyopenda kungoja tangu hapo. Wajumbe wote saba walikuja, kila mmoja kwa siri, kila mmoja akiamini yuko peke yake. Meneja wetu mpendwa alikuja kukagua samani. Ukaguzi ulichukua dakika arobaini, viatu akiwa amevivua, na alirudi ofisini na alama ya ubao shavuni.

Na mie? Mie Jabiri Mwinjuma, karani wa masjala, ndiye niliyepiga chapa barua ile. Niliongeza hata neno "upuuzi" ambalo sikutumwa. Mwaka 1974 nikafiwa na mke wangu Mwanaasha. Watu walipomaliza matanga wakaenda zao, nyumba ikabaki na mlio usiokoma, nami nikakaa siku tisa sijafumba jicho. Siku ya kumi nilijikuta barazani kwa zahanati. Kasimiri hakutaja barua. Aliniambia nivue viatu. Akapiga njiti tatu tu, zile nene za mwisho, mpaka nikalia mbele za watu, na baada ya kulia nikalala. Nampenda mzee huyu, na namwonea haya mpaka leo.

Ndiyo maana nina neno na meza kuu. Waheshimiwa, mnaona mmeketi kwenye benchi refu lililofunikwa kitambaa cha kijani. Niliandika kwamba viti vya ukumbi havikutosha. Viti vinatosha, vipo stoo, Mungu anisamehe. Hilo ndilo benchi lenyewe la kukatwa Jumatatu. Nyuma yenu, kigodani, amekaa Bi. Mwanaheri, ambaye amejifunza kulipiga tangu Januari bila kuomba ruhusa ya mtu. Ndugu Kasimiri leo atakaa na mikono yake mapajani kama mgeni.

Asante, ndugu yetu, kwa kila mgongo uliousikiliza. Urudi Newala kwa heri, ukute mikorosho yako imesimama na wajukuu wako wana kelele za kutosha, mwili wako upate ile raha uliyotugawia. Saa tuliyokupa usiitie ufunguo.

Bi. Mwanaheri, anza. Na anayetaka benchi hili likatwe ainuke sasa, ukumbi umwone.

Nyongeza ya jarida la kiwanda: Wasifu huu ulisomwa ukumbini kama ulivyo. Hakuna aliyeinuka. Meneja alivua viatu. Suala la rafu limeahirishwa mpaka hapo litakapokumbukwa. Mgeni rasmi aliamshwa saa kumi na moja jioni kwa kengele ya ile saa ya mezani, kisha Ndugu Kasimiri akaikabidhi masjala.