Garnet Sawatzky na Panya Waliolishwa Hewa

Miaka thelathini na mmoja Garnet Sawatzky amelea panya wa maabara yetu hapa Winnipeg, na tarehe thelathini Juni anarudisha funguo, anastaafu. Binti wa ofisini ndiye anayeniandikia, mimi Pearl wa kuosha vizimba, maana kalamu na mimi hatujawahi kupatana.

Siku ya kwanza alikuja mrefu kama mlingoti, baridi imelizima gari lake, kalisukuma mpaka getini. Na barafu anaipenda! Kila Jumamosi yuko kwenye uwanja wa barafu, anaifagia ili jiwe la mchezo wao liteleze. Nikamwambia, kwangu pia kuna sakafu, mbona sikuoni? Haya, nimepotea. Panya.

Kazi yetu ni saratani. Uvimbe ukikua upesi, katikati hewa haifiki, na palipokosa hewa mionzi haiui vizuri. Basi wanamdunga panya mwenye uvimbe dawa inayojikusanya palipokosa hewa, wanampiga picha, panawaka. Wakijua hivyo, watajua mgonjwa gani aongezewe mionzi. Daktari Marchildon aliihangaikia dawa hiyo miaka minne. Picha zilipoanza, panya kumi na wawili, giza tupu. Wakubwa wakamwambia, Ijumaa ikiwa giza tena, kazi inafungwa. Mama wa watu hali, halali. Nilimpelekea perogi, vile viandazi vya kuchemsha vyenye viazi ndani, akazitazama kama nimempelekea mawe.

Garnet ndiye aliyewalaza usingizi hao panya ili wapigwe picha. Jumanne akanijia mbio mpaka kwenye sinki.

"Mama Pearl, dawa ya usingizi tunaipitisha kwenye oksijeni tupu!"

"Si ndivyo mnavyofanya siku zote?"

"Ndiyo! Sasa tunamtafuta mwenye njaa ya hewa huku tunamlisha hewa!"

"Kamwambie daktari."

"Mimi mlisha panya nikamfundishe daktari kupumua?"

"Nyamaza basi. Ijumaa utakuwa mlisha panya asiye na panya."

Akapanda juu kwa daktari, masikio mekundu. Nami nikamfuata na ndoo yangu, si kwa umbeya, sakafu ilikuwa chafu. Garnet akamweleza, daktari akacheka mpaka machozi.

"Bwana Garnet, miaka yote hii ulikuwa wapi?"

"Chini, daktari. Karibu na mitungi ya oksijeni."

Alhamisi wakawadunga panya sita, wakawaacha macho, wavute hewa hii yetu ya kawaida mpaka dawa ienee. Garnet akawatandikia vitambaa vya joto, maana anasema mnyama akipoa damu inakimbia, na picha inadanganya. Mwishoni ndipo wakalazwa, kidogo tu, kwa ajili ya picha. Kwenye picha, uvimbe wa wanne ukawaka katikati kama makaa. Wawili, hakuna kitu. Mimi nikasikitika kwa hao wawili, daktari akanikumbatia na aproni yangu mbichi: "Hiyo ndiyo habari, mama! Uvimbe haufanani, na sasa tunaona upi ni upi!"

Ijumaa hakuna aliyefunga kitu.

Leo picha hiyo inajaribiwa kwa watu, hospitali ya ng'ambo ya barabara. Wagonjwa kumi na mmoja wamekwisha kupigwa picha. Watapona wangapi, hatujui bado. Garnet ameacha anwani ya kibanda chake cha ziwani na kusema habari ikija, hata kama ni mbaya, aandikiwe.

Garnet, mwanangu, asante kwa kushuka kule chini kila asubuhi, na siku moja kupanda juu. Nenda na mkeo salama, samaki wawe wengi, kifua kiwe chepesi kwa hewa ya ziwani. Na barua tutakayokuletea, Mungu aijaalie iwe ya watu waliopona.