Zahoro Anakwenda Kusomea Picha, na Ninyi Mnacheka

Mheshimiwa Liwali, Sheikh Isihaka, Padri wetu, Bwana Shamba, Mzee Mwinyimadi na mkeo Bi Zena, ndugu wageni mliotembea kutoka Mbwawa na Kongowe, na ninyi wenzangu wa hapa Janga ambao pua zenu zimeshaelekea kwenye masufuria: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Nimepewa dakika kumi. Nitazizidisha, maana nimekasirika.

Tumekuja kumuaga Zahoro, mtoto wa Mzee Mwinyimadi. Chuo kikuu kimoja cha Marekani kimemkubali na kimechukua gharama zote, na kesho saa mbili asubuhi lori la barua litapita hapa kumpeleka Dar es Salaam. Imebaki karatasi moja. Ipo pale mezani mbele ya Mheshimiwa Liwali, na kalamu iko juu yake. Inataka sahihi ya baba. Baba huyo hapo, kiti cha tatu, amevaa kanzu nyeupe kama bafta mpya, na wiki ya pili sasa hajaigusa karatasi ile. Lori likiondoka bila hiyo karatasi, nafasi atapewa mwingine, na sisi tutakuwa tumekula pilau ya kumuaga mtu asiyekwenda popote.

Kisa nini? Kisa ni kwamba Zahoro anakwenda kusomea picha. Picha za kamera na picha za sinema, miaka minne, katika jengo lilelile wanamofundishwa wachoraji na wachongaji.

Mnaona? Mmeshaanza kucheka. Angekuwa anakwenda kusomea magonjwa ya ng'ombe mngepiga vigelegele, na wengi wenu hapa hata ng'ombe hamna!

Juzi gulioni Mlandizi Bi Mwanakheri alinishika mkono. Yupo, hawezi kukana. Akaniambia, "Mwalimu, picha nayo inasomwa? Si unabonyeza tu, inalia ta, basi?" Nikamuuliza, "Na wali, Bi Mwanakheri? Si unachemsha maji tu? Mbona wa kwako watu wanaufuata kutoka Kongowe, na wa dada yako hata kuku wanaupita?" Akaniita mfidhuli.

Mzee Kondo naye amezunguka nyumba kwa nyumba akiuliza: daktari hurudi na dawa, mwanasheria hurudi na maneno, huyu atarudi na nini? Mzee Kondo, shikamoo, nakuheshimu, ila swali lako limenichosha. Nenda nyumbani kwa Bi Mwanahalima, msusi wa mikeka. Ukutani ana picha mbili. Moja alipigwa mjini kwa fundi mwenye duka na pazia la maua: uso wote doa moja jeusi, na ndani yake macho mawili ya paka. Fundi yule alitega taa zake kama alivyozoea kuwategea watu wa rangi nyingine, hakujisumbua kumtazama aliyekaa mbele yake. Picha ya pili alipigwa na Zahoro, mlangoni pake, akisuka ukili. Kwa ile picha moja Zahoro alikwenda siku tatu mfululizo, baada ya alasiri, akakaa chini bila kubonyeza kitu. Bibi akaudhika. "We mjukuu wangu, unasubiri nini? Mchumba?" Akajibu, "Nasubiri jua lishuke kidogo, bibi, liingie kwa ubavuni." Siku ya tatu likaingia. Katika picha ile mtu anaweza kuhesabu miyaa ya ukili vidoleni mwake. Bibi alipoletewa aliisogeza kwenye mwanga, akasema, "Kumbe nimefanana na mama." Mama yake alikufa zamani, Mzee Kondo, na hakuacha picha hata moja. Ni daktari gani angemrudishia?

Lakini ninyi nyote mnajua, na mnaogopa kusema, kwamba Mzee Mwinyimadi hakukataa kwa sababu ya maneno ya gulioni. Amekataa kwa sababu ya gari la sinema. Basi nitasema mimi.

Miaka minne iliyopita walikuja watu wa sinema kutengeneza filamu ya kilimo bora cha muhogo. Walitaka watu wawili, mkulima hodari na mkulima mvivu. Wakamtazama Mwishehe, karani wa mnada: shati limenyooshwa, meno meupe. Wakasema, huyu ndiye hodari. Mwishehe, ambaye jembe alilishika siku ile kwa mara ya kwanza, tena kwa mikono miwili karibu-karibu kama anashika fimbo ya kuulia nyoka! Usiiname, Mwishehe, hatujakutukana bado. Kisha wakamtazama Mwinyimadi, ametoka kupalilia tangu alfajiri, jasho na matope mpaka magotini. Wakasema, huyu ndiye mvivu. Wakamwambia, "Mzee, lala chini ya mkorosho ule." Shamba lake halikuwa na jani moja la magugu, kwa hiyo kamera wakaigeuzia pori la jirani.

Filamu ikarudi na gari la sinema, ikaonyeshwa hapa, ikaonyeshwa Mbwawa, ikaonyeshwa Mlandizi. Na ninyi, watu wa Janga, mliokula muhogo wa Mwinyimadi mwaka wa njaa, mliamini kitambaa cheupe mkaacha kuamini macho yenu! Posa ya binti yake ikavunjwa na watu wa Kongowe, eti hawaoi kwa mvivu. Na mvua zilipokaribia, wazee wazima walikwenda kwa Mwishehe kumuuliza mbegu ipandwe kwa umbali wa hatua ngapi. Mwishehe, uliwajibu nini?

Mmemsikia? "Niliwaambia wakamuulize Mwinyimadi." Na hawakwenda! Mungu wangu.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo hasira yangu inaponigeukia mwenyewe. Filamu ile haikuwa na sauti. Sauti ilikuwa ya mtu aliyesimama kando ya gari na kipaza sauti, akisoma kwa Kiswahili karatasi aliyopewa. Mtu huyo alikuwa mimi. Karatasi ilisema, "Mtu huyu anapumzika wakati shamba lina magugu." Basi, hayo tu. Mimi, msomaji wa vitabu, mwandishi wa barua kali magazetini, nikaongeza langu: "Mtazameni mvivu huyu, hata nzi wamemchoka!" Mkaangua kicheko mpaka mbwa wakabweka, nami kicheko kile kikanipendeza. Mlandizi nikalirudia, kwa madaha zaidi.

Mzee Mwinyimadi, mbele ya Mheshimiwa Liwali na mbele ya watoto wako, nakuomba radhi. Sina haki ya kukuomba jambo lingine juu ya hilo, lakini naliomba: usimfungie mtoto kwa kosa langu. Kama chombo kile kiliweza kumgeuza mkulima wa kwanza wa tarafa hii kuwa mvivu, na karani kuwa bingwa wa muhogo, je, tukiache mikononi mwa watu wasiotujua, au tumpeleke mtoto wetu akakijue mpaka ndani?

Naam? Mzee Mwinyimadi anataka kusema. Tulieni. Sema, baba.

Waliokaa nyuma wananiashiria kwamba hawakusikia. Nitawarudishia maneno yake kama alivyoyasema, ingawa yananichoma. Amesema: "Mwalimu, radhi nimeipokea, lakini hukunielewa hata kidogo. Miaka minne watu wananipa pole kwa yule mvivu, au wananicheka. Hakuna hata mmoja aliyeniambia kwamba nilifanya vizuri. Siku ile nilikuwa nimechoka, jua kali, siafu wananiuma mguuni, na nikalala kama mtu asiye na haja na dunia. Mara nne walinirudisha, mara nne nikalala upya. Ile ilikuwa kazi. Nilikwenda mpaka Mlandizi kuitazama, nikasema angalau huko wataiona. Sasa wewe, pamoja na vitabu vyako, ulimwona mvivu tu. Mwanangu akirudi na kazi yake, nani ataiona?"

Hayo ndiyo aliyosema.

Ndugu zangu, nilikuja hapa na kurasa tano za kuwasuta. Hizi hapa, nazikunja. Maana nimesimama robo saa nzima nikiwahubiria kwamba picha ni sanaa, na msanii amekaa kiti cha tatu, nami namwomba radhi kama mtu niliyemkanyaga mguu.

Mzee Mwinyimadi, ngoja nikuambie nilichokiona, kwa sababu nilikiona, ila nilikuwa na haraka ya kuchekesha. Niliona ulivyokifuata kivuli bila kufumbua macho, bega kwanza, kiuno baadaye. Niliona ulivyokuna unyayo mmoja kwa kidole cha mguu wa pili, taratibu, ukachoka katikati ukaacha. Hakuna aliyekuagiza vile. Karatasi yangu haikuwa na neno juu ya unyayo. Mtu anayeamka kabla ya adhana aliwezaje kulala namna ile? Tuliamini wote, mpaka tukaharibu posa ya binti yako. Ulifanya vizuri, mzee. Ulifanya vizuri kupita kiasi.

Nani ataiona kazi ya mwanao akirudi? Sijui. Siwezi kukuahidi kwa niaba ya watu hawa. Unawajua, nami nawajua. Naahidi kwa niaba yangu: nitakaa mbele, na nitafunga mdomo.

Bi Mwanakheri, nimekusikia, wali unapoa. Uache upoe.

Mheshimiwa Liwali, naomba umsogezee karatasi, mzee amesimama. Zahoro, mpishe baba yako. Nawashukuru wote kwa kunivumilia na kunisikiliza. Sasa nyamazeni, anaandika jina lake.