Mikarafuu ya Mkwe

Bwana apewe sifa! Ndugu zangu, mniruhusu nishuhudie nikiwa nimekaa. Magoti yangu yameisha kwa kupanda na kushuka Kilundwa, na leo nimeshuka tena mpaka hapa Mkuyuni, najishikilia kwenye migomba ya watu.

Wengi mnajua mimi ni mtu wa Dakawa. Nimezaliwa tambarare, kwenye mpunga. Nikampenda Kristina, msichana wa mlimani, na kwa desturi ya kule mwanamume ndiye anayemfuata mke. Nikahamia Kilundwa. Ni kitongoji kidogo, nyumba chache juu ya kigongo cha mlima, na ardhi yote ni ya lukolo, yaani ukoo wa upande wa mama. Mashamba yamesimama wima hasa. Mashemeji walinitania: "Shemeji, ukiteleza shambani kwako, usije ukavuna kwa jirani!"

Nilizeekea kwenye shamba la mke wangu. Nilichimba matuta, nikapanda migomba, kisha Kristina akaniletea miche ya mikarafuu, nikaipanda pia. Ikashika vizuri. Lakini kule mkwe huachiwa mahindi na mihogo, vitu vya msimu. Mti wa kudumu hupandwa na mwenye ardhi, maana anayepanda mti anaonekana anadai mahali. Watu walinyamaza kwa sababu Kristina alikuwepo.

Kristina akafariki. Ndugu zangu, nilichoka! Hata kulia sikuweza sana, nilichoka tu. Tukamzika pembeni ya ile mikarafuu.

Baada ya matanga, shemeji Damasi, kaka yake marehemu na mkubwa wa ukoo, akaja kutoka kwa mkewe, kitongoji cha pili, akakaa nami barazani. Si mtu mbaya, naomba mnielewe. Akaniambia kwa upole, "Shemeji, umeishi nasi vizuri. Ila aliyekuleta hapa hayupo tena. Na hii mikarafuu, kesho na keshokutwa wajukuu wataambiwa ardhi ni ya mtu wa Dakawa. Ukoo utakaa kikao."

Nilijua maana yake. Nikashuka mpaka Dakawa kwa wadogo zangu. Walinipokea, wakanipikia, lakini majaruba yote ya mpunga ya baba yalishagawanywa kwa watoto wao. Mdogo wangu akasema, "Kaka, karibu sana, ila hapa hata pa kuegesha jembe hakuna." Nikarudi mlimani kufungasha vitu vyangu. Ule mlima siku hiyo ulinishinda. Nilipumzika kila penye jiwe, nikiwaza nani atafyeka majani kwenye kaburi la mke wangu. Sikuwa na sala ya maana. Nilisema tu, "Bwana, niweke popote, nimechoka."

Sasa sikilizeni. Mungu alitupa mtoto mmoja tu, Veneranda. Ana kibanda cha chakula Mazimbu, anawapikia wanafunzi wa chuo. Miaka mingi nilimlilia Mungu anipe wa kiume, kwa sababu kwetu Dakawa waliniambia asiye na mtoto wa kiume hana kwake. Mungu hakunijibu. Na huyu binti kila mtu alishamhesabu kuwa ni wa mjini, hata mimi. Sikumwambia habari ya kikao, sikutaka kumsumbua. Kumbe bibi yake, mama mkwe wangu, alimpigia simu!

Siku ya kikao tukamwona anapandisha, matope mpaka magotini, begi mgongoni.

"Mjomba, shikamoo. Shikamooni wote."

"Marahaba, mwanangu," shemeji Damasi akaitika. "Pole na mlima. Keti."

Hakuketi. "Mjomba, naomba kuuliza. Hili shamba lilikuwa la nani?"

"La mama yako."

"Mama hayupo. Sasa ni la nani?"

Mama mkwe wangu akasema, "Lako. La nani tena?"

"Basi mikarafuu nimeipokea, ni ya kwetu. Na baba anakaa kwangu. Nani anamfukuza mgeni wangu?"

Haleluya! Shemeji Damasi alimtazama yule mtoto, akacheka mpaka akatafuta leso. "Huyu ni wa kwetu kabisa," akasema. Kikao kikaishia hapo, tukala ndizi.

Ndugu zangu, ile desturi iliyokuwa inanitoa ndiyo iliyonirudisha ndani! Ningepewa wa kiume niliyemlilia, leo angekuwa ameoa, amehamia kwa mkewe, kama mimi nilivyofanya. Angeniweka wapi? Mungu alinijibu siku Veneranda alipozaliwa, nami nikaendelea kuomba kana kwamba hajasikia.

Sisemi uchovu umeisha. Bado nimechoka, bado namkumbuka Kristina kila nikiwasha moto. Lakini nina pa kuchokea, na kwa hilo namshukuru Bwana. Wewe uliyeomba mpaka maneno yakakuishia, usimwache Yesu. Mwamini hata ukiwa umelala chini huna nguvu ya kuinuka.

Na mkitaka kuja kunitembelea, karibuni. Ila mkifika Kilundwa msiulize kwangu, kule juu hakuna kwangu. Ulizeni kwa Veneranda. Mtanikuta barazani.