Tableau Mupya Inakata Courant

Mu taxi-bus ya kutoka Butembo, Sofia muuza vitenge alisahau joto alipomusikia jirani yake wa kiti, mama Florentine, akimukaripia fundi wa courant, ya umeme, aliyekaa mbele yao.

"Papa Kambere, urudishe tableau ya zamani, ile sanduku ya umeme, mu étage yetu kule ghorofani. Ile ya Babeleji haikukuwa inakata courant hata siku moja."

"Ni kwa sababu mulitia misumari pa fasi ya fusible, ile waya ya kukatika umeme ukizidi! Mungeungua. Hii mupya inakata ili iokoe batoto benu."

"Lakini ikikata, tunajua baasi bameingia, juu ya bakiingia banakata courant kwanza. Juzi mutu alichomeka pasi, giza ikaanguka, étage yote ikakimbilia pori. Mama-mukwe akaanguka ku ngazi."

"Pole, mama. Anaendelea aje?"

"Tunaenda kumuzika."

Sofia akasogeza vitenge vyake ili Florentine apite. Gari ikasimama Bungulu, fasi ya matanga. Florentine akashuka, lakini kwanza akamuwekea fundi mu mukono misumari ile ya tableau ya zamani.